Fainali Niliyokutungia

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nikianza bila shikamoo mkono utakataa kuandika, maana ulishanifukuza mlangoni mara nyingi nirudi niingie upya kwa adabu. Basi nimeingia. Nimekaa kwenye benchi lako hapa Kilosa, ni asubuhi, mlango uko wazi, na ukungu ulioshuka kutoka milimani bado umelala juu ya mto. Basi la Mikumi linaondoka saa nne. Nina muda kidogo kabla sijarudi kazini.

Jana tumemaliza arobaini yako. Watu walikuja wengi, hata wale uliokuwa ukisema wanafuata wali tu msibani. Walikula wali. Waliimba vizuri pia, na yule mzee wa besi alipotea palepale anapopoteaga siku zote, nikageuka nikutazame tucheke. Nilikuwa nimeshageuka nusu ndipo nikakumbuka.

Nina jambo la kukuambia, na nimelisema mbele ya ukoo mzima kabla ya kukuambia wewe, jambo ambalo si adabu. Baba, nilikudanganya. Timu ya Mwalimu Roni haikuingia fainali. Haikuingia hata nusu fainali. Barua zile za Australia nilizokuwa nikikusomea miaka miwili ya mwisho, nikizigeuza kutoka Kiingereza, hazikuwa zimeandikwa hivyo. Nilizitunga mimi mwenyewe, karatasi ya mtu mwingine ikiwa mbele ya macho yangu.

Nimeandika. Sasa siwezi kufuta, maana nimetumia kalamu ya wino kwa makusudi.

Naona niende polepole, kama ulivyokuwa ukienda wewe. Ulipenda kunisimulia jinsi ulivyokutana na Mwalimu Roni, na kila mara ulisimulia kama vile sijawahi kusikia. Ulikuwa kijana bado, umeajiriwa kushona viatu na mikanda kwenye shule ya misheni kule Ukaguru. Yeye alikuwa ametoka Australia kufundisha hesabu, akaja na mpira wa ngozi wenye umbo la yai, akawa anawafundisha wavulana mchezo wa kwao, raga. Siku moja mshono ukaachia. Akakuletea, akasema tu, "Nitengenezee." Wewe ukautazama, ukamwonea huruma mzungu wa watu, mpira wake umeharibika mpaka umechongoka pande zote mbili. Ukafumua vipande vyote vinne, ukazikata zile ncha, ukashona upya. Jumamosi ukamkabidhi kitu cha mviringo kama boga, umekipaka mafuta kinang'aa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na wewe ukacheka kwa sababu yeye anacheka, hujui mnacheka nini. Alipokueleza, ulikaa na aibu wiki nzima. Halafu ukachukua magazeti, ukakata vipimo, ukamshonea mwingine wa yai kuanzia mwanzo, na huo ulidumu kuliko ule wa kwao.

Alipomaliza mkataba wake alirudi nyumbani, lakini barua hazikukatika. Kiswahili chake kilishaota kutu, kwa hiyo aliandika Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, nikawa macho yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoanza kukusomea. Ulikuwa unakaa hapahapa kwenye benchi, sindano mkononi, na ulikuwa husemi neno mpaka nimalize. Kisha unasema, "Rudia pale, mama." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, Debora, na ulipotaka kitu ulilitamka kwa utamu sana.

Wakati huo ulishahamia kwenye shamba la mkonge na ulikuwa fundi wa timu ya shirika la umma lililokuwa na shamba hilo. Ilikuwa timu kweli, Baba. Kwenye daftari la ofisi wote walikuwa wakata mkonge, lakini kazi yao hasa ilikuwa mpira, na wewe kazi yako hasa ilikuwa viatu vyao na mipira yao. Ulikuwa unasema ndiyo timu pekee duniani ambayo golikipa anaweza kukueleza jani la mkonge limekomaa au bado. Jumamosi tulikuwa tunakaa kwenye kile kituta upande wa bwawa, nawe hukuwa unaangalia magoli. Ulikuwa unaangalia mshono. Mtu akifunga, watu wanaruka, wewe unaniambia, "Umeona? Haujaachia."

Kisha likaja soko huria. Shirika likauza shamba, na mwenye shamba mpya akasema anahitaji watu wa kukata mkonge, washambuliaji hawahitaji. Hakuwa mtu mbaya, alisema ukweli wake. Timu ikafa mwezi huohuo. Yule golikipa, Hamisi, sasa yuko Dumila anauza vitunguu. Nilimwona juzi akidaka magunia yanayorushwa kutoka kwenye lori, na hakuangusha hata moja. Amekuja jana kwenye arobaini. Alilia kuliko mimi.

Barua ya Mwalimu iliyokuja baada ya hapo iliuliza timu yenu inaendeleaje. Ukaniambia niandike: timu ipo, tunacheza kila Jumamosi, vijana wana afya. Nikakutazama. Ukasema, "Andika, mama. Mtu yuko mbali, tumsumbue kwa nini?" Nikaandika. Sikutupii lawama, Baba, ila nataka ujue shule niliyosomea.

Ndipo zikaanza zile barua za mishahara. Mwalimu aliandika kwamba kwao raga ilikuwa mchezo wa watu wenye kazi zao. Mwoka mikate, mkata manyoya ya kondoo, polisi, mwalimu, wote wanaacha kazi Jumamosi mchana na kuvaa jezi zilizofuliwa na wake zao. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa klabu ya mji wake mdogo, na mchezaji wake mpenzi alikuwa huyo mwoka mikate, Jimi, mnene, mwenye goti bovu. Sasa wenye televisheni walikuwa wamekuja na pesa, na wachezaji wakubwa wangelipwa mshahara kama makarani. Wengine walishangilia. Wengine walisema mchezo utajila wenyewe, kwa sababu vijana wazuri wote wataitwa mjini na timu ndogo zilizowalea zitabaki na wazee na mbwa. Aliandika kwamba hakuna anayejua miaka michache ijayo itabaki timu ipi.

Uliniambia nirudie pale. Kisha ukaweka sindano chini. "Mshahara ni kitu kizuri," ulisema. "Swali ni moja tu. Mwenye mshahara akiuza, je?"

Wiki zile ulinichekesha. Mtu anakuja kushonewa kandambili, anarudi nyumbani na wasiwasi juu ya raga ya Australia. Uliwaeleza wote, hata muuza mkaa. Unabeba mpira mikononi, unakimbia mbele, lakini pasi sharti umpe aliye nyuma yako. Hilo ulilipenda kupita yote. Ulisema ni mchezo wa watu waliolelewa, kwa sababu huwezi kwenda mbele bila kukumbuka nani yuko nyuma.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa baada ya mvua zile kubwa za Elinino. Reli ilikuwa imekatika, barua zilikaa njiani wiki nyingi, na bahasha ikafika imelowa pembeni. Ilikuwa wiki ileile trekta la shamba lilipoingia uwanjani. Waling'oa magoli kwanza, kisha wakalima kuanzia kwenye ule mstari wa katikati, na wewe ulikwenda kutazama ingawa nilikuomba usiende. Ulirudi, ukakaa, hukugusa sindano siku mbili. Hukula cha maana. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka kazini Mikumi, na nilikuona jinsi ulivyokuwa unaitazama mikono yako kama vyombo vya jirani vilivyosahauliwa kwetu. Niliogopa, Baba. Nilidhani utakufa wiki ile.

Nikafungua bahasha ili tu upate kitu cha kusikiliza. Mstari wa kwanza ulisema: Rafiki yangu, klabu yetu imekufa. Nikasoma kwa sauti, "Rafiki yangu, klabu yetu imeingia nusu fainali."

Kinywa kiliamua kabla yangu. Ukainua kichwa. Ukasema, "Rudia pale, mama." Nikarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Ukaomba chai.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka miwili. Baada ya nusu fainali ilibidi washinde, na wakishinda ilibidi waende fainali, na fainali nikaiahirisha mara tatu, mara mvua, mara refa ameugua, kwa sababu sikujua nitafanya nini ikishachezwa. Mwalimu aliendelea kuandika mambo yake ya kweli, mimi nikaendelea kukusomea mambo yangu.

Na sitaficha: nilikuwa naupenda uongo ule. Nilipokuwa zamu pale mapokezi ya gesti, malori yanapita kwenda Iringa, wageni wamekwenda mbugani na funguo zao zimening'inia ukutani, nilikuwa naujenga ule mji. Miti nikachukua mikaratusi ya barabara ya misheni. Ukungu nikachukua wa Ukaguru. Mto nikaupunguza mwendo ili Jimi aweze kuuvuka kwa mtumbwi asubuhi akipeleka mikate. Uwanja wao niliuzungushia watu wenye makoti, wanapuliza vidole, na harufu ya mkate ikitoka upande wa goli. Wakati mwingine mgeni alikuwa anagonga meza mara tatu ndipo nasikia. Nilikuwa uwanjani. Nilikuwa naona nyasi zilivyolowa na mpira wako unavyopanda polepole, unazunguka, haushuki.

Ukiniona mlangoni, kabla ya kuniuliza hali, ulikuwa unauliza, "Goti la Jimi linaendeleaje?" Nikasema linapona. Jimi huyo, Baba, alikuwa ameshafunga duka na kwenda kufanya kazi migodini, mbali kabisa upande mwingine wa nchi yao. Ilikuwa kwenye barua ileile iliyolowa, ukurasa wa pili.

Na kile kituko cha dishi. Bosi alipofunga dishi pale gesti, nikakuita uje Mikumi uone raga kwa macho yako. Ulikuja umevaa koti la Pasaka. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana kwetu, kwao tayari giza na taa za uwanja zimewashwa, na ulilistaajabia hilo hata kabla mchezo haujaanza, kwamba tunatazama usiku wa watu tukiwa kwenye mchana wetu. Wakaingia watu wa jezi za njano, ile timu ya taifa lao zima. Ukaniuliza, "Hawa wa njano ndio wa Mwalimu?" Madereva wawili wa malori walikuwa wanatazama. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Ukavua kofia.

Ulimtafuta Jimi dakika nzima, ukampata, mnene mmoja mwenye bandeji gotini. "Huyo! Jimi huyo!" Madereva wakaanza kumshangilia Jimi nao. Kila akianguka, meza nzima inapiga kelele, na mhudumu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Sijawahi kukuona hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Zilipobaki dakika chache umeme ukakatika, na hatukujua nani ameshinda. Tulikaa tukitazama kioo cheusi. Madereva wakainuka wakaenda zao, wewe ukabaki, ukasema kwa sauti ya chini, "Umeona vifua vyao? Matangazo kila mahali. Kila mwenye tangazo ni mwenye timu. Siku wakigombana hao, Jimi atakula wapi?"

Nikakuambia Mwalimu ameandika kwamba wamesaini miaka kumi. Sijui miaka kumi niliitoa wapi. Ulishusha pumzi, tukaenda kula.

Ulirudi Kilosa ukaanza kutafuta ngozi ya kuwashonea mpira wa fainali. Ulisema mpira ule wa kwenye televisheni ni wa kubandika, kama hii ya plastiki inayojaa sokoni siku hizi, na fainali haichezwi na kitu kilichobandikwa. Macho yalikuwa yameshapungua. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakutungia uzi kwenye sindano, sindano kumi kumi, nazichoma kwenye mto ule wa pamba ili uzikute ukiwa peke yako. Sikukuzuia. Ningekuzuiaje? Ulikuwa unaimba.

Ukaumaliza kabla ya Pasaka. Halafu kifua kikakushinda.

Siku ile ulipotuita, ulikuwa na akili zako zote. Shangazi Merina alikaa upande wa kichwa, kwa kuwa dada ndiye mwenye neno kwenye ukoo wetu. Mzee wa kanisa akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa miguuni. Ulisema vifaa viende kwa mtoto wa Shangazi, kama desturi inavyotaka. Ulisema shamba la milimani lisiuzwe. Kisha ukasema, "Mpira ule uende kwa vijana wa Mwalimu Roni, wachezee fainali. Debora anajua anuani."

Ndiyo, Baba. Nilijua anuani. Kilichokosekana ni vijana.

Ningeweza kusema palepale. Mzee wa kanisa alikuwepo, ningetubu na kwisha. Nilikushika miguu nikasema, "Nimesikia." Siku mbili baadaye ukaondoka.

Wewe unajua wosia ni nini kwetu. Maneno ya marehemu hayabaki ndani ya nyumba, yanatoka na kutembea. Kabla hata ya arobaini, kijana wa ukoo anayekwenda Dar alikuwa ameshajitolea kuupeleka posta. Kwaya walitaka kuuimbia. Hamisi alitaka aupige mara moja tu, kwa heshima. Na jana, baada ya chakula, Shangazi akauweka katikati ya mkeka, akasimama akaanza kuwaeleza wageni kuhusu fainali ya Australia, kwa majina, Jimi na goti lake, kama wajukuu zake. Ulikuwa umemsimulia yote. Niliona kwamba nikinyamaza, uongo wangu utapakiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa mtu aliyezika klabu yake, ukiwa na baraka za kanisa.

Nikasimama. Nilisema kwa kifupi kuliko nilivyokuandikia wewe. Kwa jirani sufuria zilikuwa zinasuguliwa.

Shangazi hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alisema, "Umemzika ndugu yangu na habari ambayo si yake." Kisha akaniuliza barua zenyewe ziko wapi. Nilikuwa nazo kwenye mkoba, nimezibeba tangu siku ya mazishi. Akasema, "Tusomee. Na usiongeze chumvi."

Nikasoma, Baba. Mara ya kwanza kuzisoma kama zilivyo kwa sauti. Klabu ya Mwalimu ilipungukiwa watu mpaka ikashindwa kufikisha kumi na tano. Wawili bora walikwenda mjini kwenye mishahara, mmoja akaumia akarudishwa, na hakuna aliyemwulizia tena. Klabu ikaunganishwa na ya mji wa jirani, wale waliokuwa mahasimu wao tangu enzi za babu zake, na uwanja unatafutiwa mnunuzi. Hata hizo timu kubwa za kulipwa, aliandika, hazijui hatima yao: wakubwa wanakaa kwenye vikao na kusema timu ni nyingi mno, moja ikatwe, na kila mji unalala ukiogopa kuwa ni wa kwake. Aliandika kwamba hajui kama mchezo unakua au unauzwa, na kwamba amezeeka sana kusubiri ajue.

Nikafika kwenye barua ya mwisho. Nakuandikia kama alivyoandika yeye:

"Mwambie baba yako kwamba huwa napita uwanjani jioni, hakuna mtu, nyasi zimefika magotini. Nikizidiwa nakumbuka kwamba Kilosa leo ni Jumamosi na timu yake inacheza, na yeye amekaa anaangalia mshono. Mwambie habari hiyo ndiyo inayonirudisha nyumbani nikiwa na nguvu. Kama na ninyi mngekuwa mmekufa, sijui."

Ukoo mzima ulikuwa unajua uwanja wa shamba umelimwa. Watu wakatazamana. Wa kwanza kuelewa alikuwa Shangazi. "Kumbe na yeye!" alisema, akapiga goti kwa kiganja. "Kumbe wote!" Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi tu, na Hamisi akaja kumshika bega.

Sikucheka. Niliona nilichokunyima. Rafiki yako alikuwa anakuambia kwamba wewe ndiye unayemshikilia asianguke, na mimi nikasoma habari za goti la Jimi badala yake. Ungelia, najua. Pengine ungechukia, ungekaa siku mbili bila kugusa sindano. Lakini ungekuwa na neno la kumjibu, la kweli, la mtu aliyefiwa na timu kwa mwenzake aliyefiwa na timu, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumwandikia neno hilo ila wewe. Nimelichelewesha mpaka umeondoka nalo. Nisamehe. Nimejiuliza kama ulijua, kama ulikuwa unaniacha niseme tu ili nami nipate kitu cha kushikilia. Siwezi kujipa faraja hiyo; sina ushahidi nayo.

Shangazi alipojifuta macho alitoa uamuzi. Mpira unakwenda. Mzee mmoja akauliza unakwenda kwa nani, kama timu haipo. Shangazi akasema, "Marehemu amesema vijana. Mji gani hauna vijana? Wataujulia wenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe utaandika barua ya kwenda nao. Kwa mkono wako. Uanze na kifo, kisha uwanja, kisha mambo yako." Akasisitiza kwa Kikaguru, polepole, nisipate pa kujificha.

Nimeiandika alfajiri hii. Imekuwa fupi, na kila sentensi imeniuma. Nimemwambia umekufa. Nimemwambia shamba liliuzwa, uwanja umelimwa, na kwamba Jumamosi zile ulizitunga kwa kumhurumia. Nimemwambia kuhusu Jimi wangu. Mpira tumeutoa upepo, umelala bapa ndani ya gazeti, na asubuhi hii kijana ameondoka nao kwa gari la Dumila. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Benchi hili nalo ni siku yake ya mwisho na mimi. Kesho mtoto wa Shangazi anakuja kulibeba. Ni haki yake, na ana mikono mizuri, ingawa hana subira. Mimi nitarudi mapokezini, nitapokea wageni, nitawapa funguo. Dishi bado lipo. Jumamosi mchana, watu wa njano wakiingia, nitawatazama, na nitajua kwamba nawatazama watu nisiowajua, ambao nao hawajui mwakani watakuwa wapi.

Basi linapiga honi stendi. Sikiliza, Baba, nikuahidi.

Mwalimu atajibu, au hatajibu, au atanichukia. Jibu likija, bahasha sitaifungua Mikumi wala sitaifungua Kilosa. Nitapanda nayo milimani mpaka ulipolala, nikae chini, niichane mbele yako, nisome kila neno kwa mpangilio wake. Likiwa baya, nitalisoma baya. Usiniambie nirudie pale. Nitarudia mwenyewe mpaka tulizoee wote wawili.

Pumzika, Baba. Nimemaliza kukuficha.

Mama yako mdogo,
Debora